Bwana Maji na Wawili Waliolala

Kabla ya kufungua mfuniko wa chemba ya majitaka, Bwana Maji alipiga hodi. Hakuwa anatania. Aliinama, akagonga chuma mara tatu kwa ncha ya mtaimbo, akasema "Hodi" kwa sauti ya mtu aliyefika ukweni, akausogeza mfuniko kando, kisha akaondoka zake na kwenda kukaa kwenye jiwe la mbali. Alikaa pale muda wa kutosha mtu kumaliza kikombe cha chai ya moto bila kuungua ulimi. Ndipo aliporudi, akajifunga kamba kiunoni na kushuka.

Sisi watoto wa kota tulikufa kwa kucheka. Tulimwigiza. Tuligonga mlango wa choo, tukasema hodi, tukaenda kukaa mbali kusubiri kilichomo ndani kituitikie karibu. Mama yangu, aliyekuwa nesi wa zahanati na hakuwa mtu wa mizaha, alinikuta siku moja kwenye mchezo huo akanifinya sikio.

"Yule mtu ukimwona anafanya jambo la kijinga," alisema, "jua mjinga ni wewe."

Nimekuwa nikiyathibitisha maneno hayo maisha yangu yote. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka huu, mtaa wetu ulipotaka kuifukua kazi yake kubwa kuliko zote, na jembe nusura nilikabidhi mimi mwenyewe.

Kota zetu ziko ukingoni mwa Kiomboi, kwenye mteremko wenye mawe. Zilijengwa kabla sijazaliwa na watu walioamini mabomba. Kila nyumba ilipewa bomba lake la jikoni, choo cha kuvuta mnyororo, na bomba la udongo wa kuchoma la kupeleka uchafu bondeni. Juu kabisa lilikaa tangi, chini kabisa karo la majitaka, na katikati tukakaa sisi. Wageni waliokuja kututembelea kutoka vijijini waliuvuta ule mnyororo mara tano tano kwa kustaajabu, na mama zetu wakajifanya hawaoni. Tulijiona mabwana. Hatukujua kwamba ubwana wetu wote ulishikiliwa na mtu mmoja mwenye baiskeli, mabuti ya mpira na kofia iliyokwisha kupoteza rangi.

Jina alikuwa nalo, bila shaka, kwenye karatasi za ofisini. Sikuwahi kusikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Bwana Maji.

Habari ya hodi niliielewa kwa namna mbaya. Aliletwa kibarua mpya, mtu mzima mwenye kifua, aliyeona haya kuonekana anabisha hodi kwenye shimo la kinyesi. Alifungua mfuniko, akashuka papo hapo, na hakufika hata chini. Alilegea kama nguo iliyoanguka kutoka kambani. Bwana Maji alimvuta kwa kamba aliyokuwa amemlazimisha kuifunga, akamlaza kwenye majani, akampepea kwa kofia mpaka yule bwana akafungua macho na kutapika. Kisha akamwambia, bila hasira, "Humo ndani kuna hewa ina adabu zake. Ukiipigia hodi inatoka. Usipopiga inakutoa wewe."

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma kitabuni kuhusu hewa za mashimo ya majitaka, na kwamba chemba sharti iachwe wazi kwanza ipumue. Nilikifunga kile kitabu. Alijua yote yale. Alijua pia jambo lisilokuwemo kitabuni, kwamba vibarua wake hawakuogopa kitu wasichokiona, lakini hakuna hata mmoja wao aliyelelewa kuingia kwa watu bila hodi. Basi akaitumia ile hodi. Hakuna mtu aliyefia kwenye chemba zake.

Alikuwa na vitu vyote viwili viwili. Spana mbili, sepetu mbili, ndoo mbili, mabuti jozi mbili, mashati mawili. Vyenye alama ya bluu vilikuwa vya maji safi, vyenye alama nyeusi vya majitaka. Siku ya shati la kaki, la maji safi, alikupa mkono. Siku ya shati jeusi aliweka mikono nyuma, akakusalimia akiwa upande wa pili wa njia, na hata angekuja bwana mkubwa gani asingempa mkono. Jirani yetu mmoja aliazima sepetu ya bluu, akaenda kuzibulia mfereji wa choo chake, akairudisha imeoshwa inang'aa. Bwana Maji aliigeuza geuza.

"Umeifanyia kazi gani?"

"Nimepalilia migomba, Bwana Maji."

Aliingia ndani, akatoka na kopo la rangi nyeusi, akaupaka ule mpini mbele ya mwenye kuazima, polepole, kutoka juu hadi chini. Sepetu ile ilihamia upande wa pili na haikurudi tena. Wiki kadhaa alichimba mitaro ya maji safi kwa jembe la mkewe, mpaka ofisi ilipompa sepetu nyingine.

Maji ya bomba lake mwenyewe hakuyanywa bila kuchemshwa. Mtu akimcheka alisema, "Maji nayaamini. Mabomba siyaamini, na watu ndiyo kabisa." Mama alimpendea hilo.

Kitu kilichotutisha zaidi ni namna alivyosikiliza. Alfajiri, kabla nyumba hazijafungua koki, utamkuta amesimamisha mtaimbo juu ya bomba, ameinama, na ncha ya juu ameing'ata kwa meno. Anafumba macho. Anakaa hivyo kama mtu anayekula chuma. Kisha anasogea hatua kumi, anang'ata tena. Mwishowe anasema, "Nyumba ya tatu, nje ya ukuta, kwenye kona." Vibarua wanachimba kwenye udongo mkavu ambao mimi na wewe tungeapa hauna hata tone, na wakifika kiunoni wanakuta matope.

Nilimuuliza kwa nini hatumii sikio kama watu wengine.

"Sikio linasikia na mbwa na redio na mama yako akikuita," alisema. "Jino linasikia chuma tu. Njoo. Ng'ata kidogo, usiume kwa nguvu."

Niling'ata. Kwanza nilionja kutu. Halafu ikaja sauti, si masikioni, bali ndani ya fuvu lenyewe, nyembamba, haikatiki, na chini yake mgurumo wa mbali wa tangi likijaa. Niliachia nikakimbia mpaka nyumbani. Nilikuwa nimekanyaga ardhi ile kila siku nikidhani imekufa. Tangu siku hiyo sikumcheka tena, na mpaka leo nikipita juu ya bomba nilijualo natembea taratibu bila kutaka.

Nisimfanye mtakatifu. Alikuwa mkali kupita kiasi na alinuna kama mtoto. Mama mmoja aliosha utumbo wa mbuzi chini ya bomba la mtaani; alimfungia maji siku hiyohiyo, na maombi ya majirani hayakumgusa. Lakini binti wa nyumba ileile alikuwa amejifungua, na jioni tulimwona Bwana Maji akipandisha mteremko, madumu mawili kwenye baiskeli, akaenda kuyatua mlangoni pao bila kubisha. Adhabu aliiacha palepale. Kwa siku tatu aliwanyima maji kwa mkono mmoja na kuwachotea kwa mwingine, na yule mama alisema hajawahi kuaibishwa namna ile.

Aliyapenda maji na kuichukia mvua. Wakati sisi wote tunafurahia mtama unavyonyanyuka, yeye alivaa shati jeusi, akaufuata mstari wa majitaka chemba kwa chemba na uso wa mtu aliyeitwa hospitali.

Na hakusema uongo. Hili nalisisitiza kwa sababu ya yatakayofuata. Ofisini walisema maji yatatoka kesho. Mwenyekiti wa mtaa alisema yako njiani. Yeye, akiulizwa, alisema, "Sijui," na akijua hayaji alisema, "Hayaji." Watu walimchukia kwa hayo, kisha wakaenda kuuliza kwake tu.

Valvu kuu ya kota ilikaa kwenye shimo la matofali chini ya tangi, na ilikuwa inafungia kushoto. Koki zote ninazozijua zinafungia kulia. Ile walioileta waliileta ya kwao, na asiyeijua akiizungusha kulia ilikaza mara moja, naye akaondoka akijua amefunga, kumbe ameiacha wazi kabisa. Bwana Maji alichoka kuwaeleza mafundi wageni, akawa anasema maneno mawili tu: "Inafungia kushoto." Maneno hayo yakahamia kwenye vinywa vyetu. Mtoto asiyesikia fimbo lakini anayesikia mzaha, huyo anafungia kushoto. Mwenye kukasirika ukimsifu, naye ni hivyo hivyo. Kwenye unyago wa binti mmoja wa kota, shangazi yake alimwambia mbele yetu sote, "Mumeo si mbaya, ila anafungia kushoto. Usimlazimishe kulia, utavunja kitu." Nilipopangiwa kufundisha wilaya nyingine nikasema hivyo juu ya mwanafunzi, walimu wenzangu walinikodolea macho. Ndipo nilipojua kwamba ile si lugha ya taifa, ni lugha ya kota.

Sasa nifike mwambani.

Nyuma ya nyumba za mstari wa chini, mahali mwamba unapochomoza kama goti, Bwana Maji alimwaga zege. Urefu wa mtu mzima, upana wa watu wawili, kimo cha goti la mtoto. Alilisawazisha vizuri, akalipaka chokaa. Halikuwa na msalaba, halikuwa na jina. Mtu wa kwanza kupita akaguna, akavua kofia na kuuliza, "Nani kalala hapa?"

"Wamelala wawili," Bwana Maji alijibu. "Msiwaamshe."

Ilitosha. Kota ilimaliza yaliyobaki. Wengine walisema ni mzungu mpima ardhi na mpishi wake. Wengine wakasema mapacha wa mtu asiyetaka kujulikana. Bibi mmoja aliapa ni mume na mke waliokufa hawasemeshani, na ndiyo maana wamewekwa pamoja, wapatane kwa lazima. Wakristo walipita wakifanya ishara ya msalaba, Waislamu walipita wakisoma dua, na mbuzi walifukuzwa na kila mtu. Jamaa mmoja wa mstari wa chini alitaka kuchimba shimo la choo cha nje karibu na hapo. Mkewe alitishia kurudi kwao, naye akaacha. Bwana Maji alikuwa anapita, anaangalia, anapaka chokaa upya kila baada ya mvua, na hasemi neno.

Mama yangu alilifagia. Kila Jumamosi, baada ya kufua, alichukua ufagio wa kiwanjani na kwenda kulifagia lile zege mpaka pembeni. Nilidhani anawahurumia marehemu wasio na ndugu. Manesi wana huruma za namna hiyo.

Habari ya mdogo wangu naisema hapa kwa kuwa sina mahali pengine pa kuisema. Kabla ya zege lile kuwepo, ulikuja msimu wa mvua nyingi bondeni na mgao mkali wa maji bombani. Watoto wa mstari wa chini wakaanza kuhara. Sisi tulikaa mstari wa chini. Mdogo wangu alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema. Alijua kusema "maji" na aliyaomba mpaka mwisho. Aliugua siku tatu. Tulimpeleka Nduguti kumzika kando ya babu. Tuliporudi, Bwana Maji alikuja msibani na shati la kaki, akakaa ukingoni mwa mkeka, hakula, hakunywa, na hakumtazama mama usoni. Nilikuwa mdogo lakini niliona. Nikamhesabia kuwa ni mtu wa majivuno.

Miaka ikapita. Nilifundisha huku na kule, nikastaafu, nikarudi kwenye nyumba ileile aliyoniachia mama. Mnyororo wa choo umekatika zamani, lakini bomba la maji ni lilelile, na la taka ni lilelile. Mwaka huu ukaja mradi wa kuchimba mtaro mkubwa wa maji ya mvua nyuma ya mstari wa chini, kitu tulichokililia siku nyingi. Ramani ya mtaro ikapita juu ya wale wawili.

Mwenyekiti wa mtaa alinijia na fomu ya kuhamisha makaburi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

"Tumetangaza ndugu wa marehemu wajitokeze, hakuna aliyekuja. Alikuja mzee mmoja akadai ni shangazi zake, lakini alipoulizwa wapo wangapi akasema watatu. Sasa wewe ndiye wa zamani hapa. Unawajua?"

"Siwajui. Nimewaona tu miaka yote."

"Basi Jumamosi tunafukua kwa heshima. Shehe atakuwepo, mchungaji atakuwepo, maana hatujui walikuwa wa upande gani."

Nilisema ni sawa. Niliona ni jambo jema, hata nikaahidi kuleta majembe yangu mawili. Kilichonisumbua ni ule mstari wa fomu uliosema *Jina la marehemu*, ulioachwa mtupu. Mwalimu haachi nafasi tupu kwenye karatasi. Nikasema nitamuuliza aliyewazika, kama bado yu hai.

Alikuwa hai, akiishi kwa binti yake kijijini Ulemo. Nilikwenda siku ya Ijumaa. Binti alinipokea uani akaniambia mapema, "Baba hasikii kabisa, mwalimu. Umwandikie."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya bomba la uani. Amekonda, miguu imekauka, na mtaimbo uleule amesimamisha juu ya bomba, ncha yake mdomoni. Meno yalibaki machache. Aling'ata kwa ya pembeni. Alikuwa amefumba macho. Alipomaliza alimwambia binti yake, kwa sauti kubwa ya viziwi, "Kwa jirani, chini ya uzio. Panavuja tangu asubuhi."

"Kila siku anasema hivi," binti alininong'oneza. "Na kila tukienda kuangalia, ni kweli."

Nilisogea karibu. Mtu yule hakuweza tena kusikia jogoo wala jina lake likiitwa, lakini maji yalikuwa bado yanasema naye. Nilipiga magoti mbele yake ili auone mdomo wangu. "Shikamoo, Baba."

Alinitazama muda. "Marahaba. Wewe mtoto wa Nesi."

Nilitoa daftari nikaandika kwa mwandiko wa ubaoni: *Wanataka kuwafukua wale wawili. Ni akina nani?*

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Kisha akainuka, mtu ambaye binti yake alisema hainuki bila kushikwa.

"Lini?"

Niliandika: *Kesho.*

Alikaa tena, kwa kishindo. Akawa anazungumza upesi, akichanganya Kiswahili na Kinyiramba, nami nayaweka hapa niliyoyaelewa.

"Walipojenga walikuta mwamba. Wakachoka kuupasua. La maji wakalipitisha chini, la taka wakalipitisha juu yake. Juu yake! Wakafukia, wakaenda zao. Mimi sikujua. Nilikuwa nasikiliza maji tu, taka sikuisikiliza. La taka likapasuka. Na bomba la maji likiwa limejaa, linatema nje, hakuna neno. Likiwa tupu, siku za mgao, linanyonya." Alivuta mashavu ndani kunionyesha. "Linanyonya, mtoto wa Nesi."

Niliishusha kalamu.

"Mama yako ndiye aliyenijia. Alisema, Bwana Maji, wagonjwa wangu wote wanatoka mstari wa chini, juu hakuna hata mmoja. Nikafuata mstari, nikachimba, nikawakuta wamelala pamoja, mmoja juu ya mwenzake. Nikaziba, nikawamwagia zege kila mmoja na chumba chake. Niliomba bomba lihamishwe. Niliandika barua. Nimestaafu bado naandika."

*Kwa nini hukuwaambia watu ni mabomba?* niliandika.

"Mwamba mtu ataupasua. Bomba mtu atalisahau. Kaburi ataliheshimu." Alinitazama kwa ukali wa zamani. "Na sikusema ni kaburi. Nilisema wamelala wawili."

Mdogo wangu sikumwandika daftarini. Sikuweza. Lakini alikuwa ameshayasoma usoni kwangu, au alikuwa ameyasubiri tangu ile siku ya mkeka.

"Nilichelewa," alisema. "Kwa yule mdogo nilichelewa. Niliwawahi waliobaki, na wewe ukiwemo. Mama yako alikuwa anapafagia, sivyo?"

Nililia palepale uani, mwanamke mzima mwenye wajukuu, na daftari mikononi. Nililia kwa ajili ya mdogo wangu, na kwa ajili ya mama aliyebeba jambo lile na ufagio wake asinitishe, na kwa ajili ya huyu niliyemwita mwenye majivuno. Binti yake aliniletea maji ya kunawa uso. Bwana Maji aliniacha nimalize. Kisha akanigonga begani.

"Wasiguse kitu kabla ya kufunga maji. Unakumbuka?"

Nilitamka kwa mdomo, bila daftari, "Kushoto."

Alicheka. Katika miaka yote ile sikuwahi kuyaona meno yake kwa sababu nyingine isipokuwa ule mtaimbo.

Jumamosi asubuhi nilikuta watu wamejaa mwambani. Shehe alikuwepo, mchungaji alikuwepo, wanaume wameshika sururu, na mwenyekiti amevaa koti. Injinia wa mradi, binti wa rika la mwanangu wa mwisho, alikuwa anagombana na fundi kando ya bomba la mtaani lililokuwa linamwaga maji.

"Valvu yenu imeoza, mwalimu," aliniambia baada ya shikamoo. "Tumeifunga tangu alfajiri, bado inapitisha. Tutaanza hivyo hivyo tu, kaburi si bomba."

"Mmeifungia wapi?"

"Kulia. Imekaza kabisa."

"Basi hamjaifunga. Inafungia kushoto."

Alinitazama kwa heshima ile ambayo watu wenye elimu huwapa wazee waliochanganyikiwa. Lakini alimtuma fundi. Tulisimama tukilitazama bomba la mtaani. Maji yakapungua, yakawa uzi, yakadondoka, yakakoma. Injinia aliligusa bomba kwa kidole. Kisha akanigeukia mzima mzima.

Nilimvuta kando, nikamwambia yote, kuanzia mwamba mpaka mdogo wangu. Alivua kofia yake ya plastiki akaishika kifuani. Akalizunguka lile zege, akachuchumaa, akaweka kiganja juu ya chokaa.

"Sururu tatu tu," alisema polepole. "Sururu tatu tungekuwa ndani ya la taka. Na leo mchana mgao unaanza." Alisimama akaupima mwamba kwa macho. "Mtaro nitauzungusha nyuma ya mwamba. Na hili bomba la maji nitaandika lihamishwe."

"Yeye pia aliandika."

"Mimi nitaandika mpaka wanichoke. Lakini mpaka lihamishwe, mwalimu, palindwe vipi? Mimi nitaondoka hapa. Na hawa watu wanasubiri, niwaambie nini?"

Nilimwomba mwenyekiti ile fomu. Ukurasa wa nyuma ulikuwa na sehemu ya ndugu asiyeridhia marehemu kuhamishwa. Nilimfikiria Bwana Maji, ambaye hakusema uongo, na mimi sikutaka kuanza kusema uongo juu ya kazi yake. Penye *Jina la ndugu* niliandika langu. Penye *Uhusiano na marehemu* nilimfikiria mdogo wangu, nikaandika: *Dada.*

Mwenyekiti alisoma kwa sauti. Sururu zikashushwa. Wanaume wakavua kofia, shehe akainua viganja, mchungaji akainamisha kichwa.

"Pole sana, mwalimu," mwenyekiti alisema. "Miaka yote hii hukutuambia. Kumbe ni wako?"

"Ni wangu," nikasema.

Nilirudi nyumbani kuchukua ufagio. Ilikuwa Jumamosi.